Contra: Gemu Iliyotushinda Utotoni



Likizo iliyopita watoto wa nyumbani walitukuta tumekaa chini mbele ya televisheni, watu wazima wenye mvi, tunanyang'anyana maneti moja. Kwenye kioo kulikuwa na askari mdogo asiye na shati, anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia na bunduki mkononi. Akapigwa, akaanguka. Akarudi, akapigwa tena. Mara ya sita au ya saba mtoto wa miaka tisa akauliza kwa adabu kabisa: "Baba, hii gemu imeharibika?"

Haijaharibika. Ndivyo ilivyotengenezwa. Tulipoanza kumweleza kwa nini, tukagundua kwamba habari yenyewe ni ndefu, inapita Japani, Nikaragua, Beirut na Ujerumani kabla ya kufika kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura. Tumeona tuiandike, kwa sababu wengi wenu mlicheza gemu hiyohiyo na mkashindwa palepale tuliposhindwa sisi.

Jina lake ni Contra. Waliitengeneza Wajapani wa kampuni ya Konami, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1969. Kazi ya kwanza ya Konami haikuwa gemu. Walikuwa wakikodisha na kutengeneza yale masanduku ya muziki ya mahotelini, unatumbukiza sarafu, linakupigia sahani uliyoichagua. Tafadhali msomaji ikumbuke hiyo sarafu, tutairudia. Mwezi wa Februari 1987 Contra ikatoka kama mashine kubwa ya kusimama, ya kuwekwa kwenye kumbi za michezo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari 1988, ikatoka kaseti ya kuchezea nyumbani, kwa ajili ya mashine ndogo ya Nintendo ambayo Wajapani waliiita Famicom na Wamarekani NES. Hii ya nyumbani ndiyo iliyoizunguka dunia.

Hadithi ya mchezo ni fupi. Askari wawili, Bill Rizer na Lance Bean, wanatumwa kwenye kisiwa kupambana na jeshi liitwalo Red Falcon, na nyuma ya jeshi hilo kuna majitu kutoka nje ya dunia. Kwa Wajapani mambo haya yanatokea mwaka 2633, kwenye visiwa vya kubuni vya Galuga karibu na New Zealand. Kitabu cha maelezo cha Kimarekani kiliyahamisha yote mpaka Amerika ya Kusini, katika zama hizi. Sisi hatukuwahi kukiona hicho kitabu wala kingine chochote. Kaseti yetu ilikuja uchi, haina hata sanduku.

Ugumu wa Contra ni huu: risasi moja tu inakuua. Huna kipimo cha damu, huna ngao ila kwa sekunde chache ukiokota alama ya B. Unapewa roho tatu, zikiisha unaweza kuendelea mara tatu, kisha unarudi mwanzo kabisa. Maadui wadogo hawana idadi: ukisimama kufikiri, wanazidi kuja kutoka pembeni mwa kioo, kwa hiyo kusubiri nako ni kosa. Kinachoumiza zaidi ni silaha. Njiani hupita vidude vyenye mabawa, ukivipiga vinaangusha herufi. M ni bunduki ya mfululizo, L ni mwali, F ni moto unaozunguka, R inaongeza kasi ya risasi, na S, mfalme wao, inatawanya risasi tano kwa mpigo kama mtu anayemwaga mchele. Ukiwa na S wewe ni simba. Lakini ukifa, herufi yako imekwenda, unarudi na kile kibunduki cha mwanzo, mahali palepale palipokushinda ulipokuwa na silaha nzuri. Ndiyo maana kifo cha kwanza huleta cha pili, na cha pili huleta cha tatu. Anayeijua Contra anaogopa sana kifo kimoja.

Kulikuwa na uonevu mwingine ambao tumekuja kuuelewa ukubwani tu. Mara nyingine tulikufa kwa risasi ambayo tuliapa haikuonekana. Kumbe tulisema kweli! Mashine ile ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983, ilikuwa na uwezo wa kuchora vipande 64 tu vinavyotembea kwenye kioo, na katika mstari mmoja wa kulala vipande 8 tu. Vikizidi, vya ziada havionekani. Watengenezaji walikuwa wakivizungusha, hiki kionekane sasa, kile baadaye kidogo, ndiyo maana kila kitu kilimetameta watu wakiwa wengi. Basi risasi inaweza kuwa ipo na wakati huohuo haijachorwa. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine hiyo ilikuwa kilobaiti 2. Gemu nzima ya Contra, toleo la Marekani, ni kilobaiti 128: misitu, ngome, maporomoko, theluji, majitu na muziki wote. Picha moja uliyopiga kwa simu yako wakati wa Idi inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo mara ishirini.

Tunarudi kwenye sarafu. Gemu ya ukumbini ilitengenezwa ili ikuue upesi, kwa sababu ukifa unatumbukiza nyingine. Mtengenezaji alipaswa kupima: akikuua mapema mno utaondoka na hasira, akichelewa sana mwenye ukumbi atalala njaa. Kaseti ya nyumbani haikuhitaji sarafu, lakini ugumu ulibaki, maana gemu fupi isiyo ngumu mtu angeimaliza siku ya kwanza akamlaumu muuzaji. Na Contra ni fupi kweli. Hatua zake ni nane, na mtu aliyeizoea huimaliza chini ya nusu saa. Sisi tulikaa nayo miaka.

Iliingiaje Buyenzi? Haikupitia Nintendo. Famicom halisi hatukuwahi kuiona. Tulichokuwa nacho ni mashine za kuigiza, zilizotengenezwa Taiwan na baadaye China, ambazo zilienea kote ambako Nintendo yenyewe haikuuza: Urusi waliziita Dendy, Poland Pegasus, nchi za Kiarabu zilikuwa na majina yao. Kwetu ilikuwa "TV game" basi, jina moja kwa zote. Zilitoka Dubai na wafanyabiashara, zikapitia bandari ya Dar es Salaam, reli mpaka Kigoma, kisha meli za Ziwa Tanganyika mpaka bandari ya Bujumbura, pamoja na vitenge, redio na thermos za chai. Kaseti zake ziliandikwa namba za ajabu, gemu elfu, gemu laki, gemu 9999999. Ndani gemu zilikuwa kadhaa tu, zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Contra ilikuwa inarudi mara nyingi kwenye orodha hiyo, moja ikianzia msituni, nyingine ikianzia kwenye theluji, nyingine ikiwa na roho zaidi. Wengine walikesha wakitafuta gemu ya milioni, wakidhani ndiyo tamu kuliko zote.

Nyumba chache zilikuwa na mashine. Wengine tulikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wetu aliyeweka televisheni kwenye chumba cha mbele, na akatoza faranga 20 kwa mchezo. Sheria yake ilikuwa nyepesi: roho zako zikiisha, simama, mwingine akae. Siku moja akaja kijana aliyekuwa amekaa Dubai na wazazi wake. Akashika maneti, na kabla gemu haijaanza akabonyeza: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start. Akaanza na roho 30! Sisi tulimwona kama mchawi. Alikaa pale kwa faranga zake 20 mpaka adhana ya alasiri. Kesho yake mzee akatangaza kwamba atakayeonekana anabonyeza juu mara mbili kabla ya mchezo atatolewa nje na hela yake hairudi. Bila kujua habari za Osaka, mzee alikuwa ameelewa biashara ya Konami vizuri sana.

Ile namba nayo ina mwenyewe. Aliitwa Kazuhisa Hashimoto, mfanyakazi wa Konami. Mwaka 1986 alikuwa akihamishia kwenye Famicom gemu nyingine ya kampuni, Gradius, ya ndege za angani. Kazi ya kuihamisha ilimlazimu aicheze mara kwa mara kuijaribu, na ilimshinda! Akajiwekea siri ya vibonyezo ambayo angeikumbuka kwa urahisi, ikimpa silaha zote mara moja, ili aweze kuendelea na kazi. Siri ikabaki ndani kaseti zilipouzwa, wachezaji wakaigundua, na kampuni ikaipenda, ikaitia kwenye gemu zake nyingine. Ndani ya Contra ikawa roho 30. Hashimoto alifariki mwezi wa Februari 2020, na watu wa kila kona ya dunia waliomwombolezea hawakumjua kwa sura, walikijua kidole chake. Tunasema kweli, lile lilitufariji: mtu wa Konami mwenyewe gemu ya Konami ilimshinda.

Sasa jina. Wale waliokuwa wameanza shule tulijua Kifaransa kidogo, na contre kwa Kifaransa ni dhidi ya. Kwa hiyo tukawa tunaulizana: dhidi ya nani? Hakuna aliyejua. Tulifikiri labda jina limekatwa, kuna neno jingine lilipaswa kufuata.

Wakati gemu inatengenezwa neno hilo lilikuwa kwenye magazeti ya dunia nzima. Nikaragua, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ilikuwa chini ya Wasandinista, waliompindua Somoza mwaka 1979. Waasi waliopigana nao waliitwa Contras, kifupi cha wapinga mapinduzi kwa Kihispania, na serikali ya Rais Reagan wa Marekani iliwapa fedha, silaha na mafunzo. Vita vile vilidumu karibu miaka yote ya themanini, na waliokufa hukadiriwa kuwa karibu 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu wachache kuliko hata Burundi ya siku zile. Tarehe 27 Juni 1986 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague ilitoa hukumu kwamba Marekani ilivunja sheria kwa kuwasaidia waasi na kutega mabomu kwenye bandari za Nikaragua. Marekani haikuikubali hukumu hiyo.

Kisha likazuka jambo lililowagusa Waislamu wengi waliokuwa na redio. Tarehe 3 Novemba 1986 gazeti la Beirut liitwalo Ash-Shiraa liliandika kwamba Wamarekani wanaiuzia Iran silaha kwa siri. Iran ilikuwa vitani na Iraki tangu 1980, vita vya ndugu kwa ndugu, na Marekani hadharani ilikuwa inayakataza mataifa mengine kuiuzia Iran silaha. Wiki tatu baadaye serikali ya Marekani ikakiri sehemu ya pili: faida ya silaha hizo ilipelekwa kwa Contras, ingawa bunge lao lilikuwa limekataza. Miezi mitatu tu baada ya hapo, mashine ya Contra ikaingia kwenye kumbi za Japani.

Je, Konami walikusudia? Wao hawajasema. Jina walilipa maana yao, kwamba Contra ni cheo cha mpiganaji hodari kupita wote, mjuzi wa vita vya msituni, na wakaliandika kwa herufi za Kijapani zilizochaguliwa kwa sauti, ya kwanza maana yake roho na ya pili kupigana. Lakini muziki wa mwisho wa ile mashine ya ukumbini uliitwa "Sandinista". Mtu hawezi kuokota maneno hayo mawili njiani kwa bahati, kila moja peke yake. Sisi kwa maoni yetu walichukua jina lililokuwa linavuma, kama vile mwenye duka anavyoandika jina la mchezaji wa mpira kwenye ukuta wa duka lake, bila kuuliza wamekufa wangapi chini ya jina hilo. Picha za nje ya sanduku nazo ziliokotwa vilevile: wapiganaji wake wamechorwa kwa kufuata picha za Arnold Schwarzenegger katika filamu ya Predator ya mwaka 1987. Na yale majitu ya hatua ya mwisho, aliyeiona filamu ya Alien atayatambua mara moja.

Ulaya mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na hapa wazazi mtasikiliza. Ujerumani Magharibi ilikuwa na idara ya serikali inayoorodhesha vitabu, filamu na michezo isiyofaa watoto. Gemu ikiingia kwenye orodha hairuhusiwi kutangazwa wala kuwekwa wazi dukani. Konami walipoleta kaseti yao Ulaya mwaka 1990 waliibadilisha: Bill na Lance wakawa maroboti, na maadui wengi nao maroboti, jina likawa Probotector. Risasi ni zilezile, mitego ni ileile, muziki ni uleule. Wa kufa tu ndiye aliyebadilika, akawa bati. Kwa miaka kadhaa watoto wa Ulaya walicheza hivyo, hawajui kwamba kwingineko wanaoanguka ni watu.

Sisi tuliletewa ya watu.

Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, wa zamani, wenye barabara za namba na misikiti kila baada ya hatua chache. Rais Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na baada ya hapo kila mwenye umri wetu anajua usiku wa Bujumbura ulivyokuwa. Kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Mjini amri ya namna hiyo ilikuja kuondolewa kabisa mwezi wa Aprili 2006 tu. Jioni milango inafungwa mapema. Watoto wanafanya nini ndani? Nyumba yenye TV game ilijaza watoto wa majirani, mikeka inatandikwa, wanalala hukohuko mpaka alfajiri. Wazazi wetu hawakupenda bunduki za kwenye kioo. Mama mmoja alisema waziwazi, zilizo nje hazitoshi? Lakini mtoto aliyeshika maneti hachungulii mlangoni, na hilo lilimaliza mjadala.

Walitoa sharti moja: sauti mpaka mwisho chini. Haikuwa kwa sababu ya kelele. Walitaka kusikia za nje. Gemu ile kila sekunde ni milio na milipuko, na baba aliyekaa kizani barazani hakutaka kuchanganya. Basi Contra tuliicheza kimya, miaka yote, mchana na usiku. Tulikuwa tunasikia vibonyezo tu, tak tak tak, na mmoja wetu akinong'ona, "Ruka! Ruka!"

Mtu wa kucheza naye alikuwa muhimu kuliko silaha. Contra inachezwa na wawili kwa pamoja, mmoja suruali ya buluu, mwingine nyekundu. Hatua ya tatu ni maporomoko ya maji, na pale hamkimbii kwenda kulia, mnapanda juu, jiwe kwa jiwe. Kioo kinamfuata aliye juu. Kikishapanda hakirudi, na aliyebaki chini ukingo wa kioo ukimpita amekufa, hata kama hakuna risasi iliyomgusa. Urafiki mwingi ulivunjika pale. Anayejua kucheza na mwenziwe anapanda jiwe moja, anasimama, anapiga risasi pembeni huku anamngoja. Anayejijali mwenyewe anapanda mfululizo.

Rafiki wa nyumba ya pili alikuwa anangoja. Hatumtaji jina, maana hatujui kama angependa. Alicheza nyekundu siku zote, na alikuwa amevumbua kwamba hatua ya kwanza, ukiwa ndani ya maji, ukibonyeza chini askari anapiga mbizi na risasi zinampita juu, akatufundisha wote. Mwishoni mwa Machi 1995 machafuko yalifika Bwiza na Buyenzi. Familia nyingi ziliondoka kwa siku mbili tatu, wengi wakavuka kwenda Uvira, ng'ambo, Zaire ya wakati ule. Yeye na watu wao walikuwa miongoni mwao. Mashine ilibaki kwetu, kaseti ilikuwa yake.

Tuliendelea kuicheza. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto mwingine akashika nyekundu. Mwaka 1996 nchi za jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, vikaendelea mpaka Januari 1999, na vitu vya Dubai vikawa adimu. Adapta ikiungua unangoja miezi, au fundi anakufungia waya za redio. Contra haihifadhi ulipofika. Ukitaka kuendelea kesho unabonyeza Start, mchezo unasimama, unazima televisheni na kuiacha mashine inawaka usiku kucha, imefunikwa kitambaa ili baba asione taa yake nyekundu. Asubuhi adapta inachoma mkono. Mara nyingi umeme ulikatika usiku wa manane na tukaamkia msituni, mwanzo kabisa. Hatua ya saba, hangari, yenye makucha yanayoshuka kutoka juu na kuta za miiba zinazoibuka ardhini, tuliifikia mara chache. Ya nane tuliiona kwa kuchagua tu kwenye ile kaseti ya namba nyingi, na hiyo haihesabiki.

Mwezi wa Juni 2019 Konami walitoa mkusanyiko wa gemu za Contra za zamani kwa mashine za kisasa. Ndani yake lipo toleo la Marekani tulilolijua, lipo na la Kijapani, ambalo kaseti yake ilikuwa na kifaa cha ziada, kwa hiyo miti ya msituni inatikisika na theluji inaanguka kweli kwenye hatua ya tano, vitu ambavyo sisi hatukuwahi kuviona. Unaweza kuhifadhi popote ulipofika. Machi 2024 ikatoka pia gemu mpya, Contra: Operation Galuga, hadithi ileile ya kisiwa imetengenezwa upya, na ndani yake ukitaka askari wako hafi kwa risasi moja. Watoto wetu waliipenda hiyo mpya kwa siku mbili, kisha wakarudi kwenye ya zamani, kwa sababu walishaona inavyotutesa.

Sisi kilichotushtua siku ya kwanza hakikuwa picha. Tulibonyeza Start, na gemu ikaanza kupiga muziki. Ngoma, gitaa la bandia, wimbo wa haraka unaosukuma miguu. Hatukujua kwamba kuna wimbo! Watu wa umri wetu duniani kote wanaupiga mluzi bila kufikiri, na sisi tuliocheza mamia ya saa tulikuwa tunausikia mara ya kwanza tukiwa na watoto. Mke wa mmoja wetu aliingia kutoka jikoni kuuliza mbona tumenyamaza.

Watoto wamekuwa hodari kuliko sisi haraka sana. Ile namba wanaijua tayari kutoka intaneti, hawakuhitaji kijana wa Dubai. Tumewawekea masharti ya kawaida ya nyumba, si kabla ya masomo, si wakati wa swala, na siku za shule hapana. Juu ya bunduki zenyewe tumebishana sana. Mmoja wetu hataki kuiona gemu hiyo nyumbani kwake, na tunajua sababu yake, hatukumlazimisha. Wengine tumeona afadhali waicheze tukiwa tumekaa nao, na wakiuliza tujibu. Mkubwa aliuliza lile swali la jina, dhidi ya nani. Tukamweleza Nikaragua, tukamweleza silaha za Iran. Akasikiliza, kisha akasema: "Lakini kwenye gemu wao ndio wazuri?" Tukamwambia walioandika gemu ndivyo walivyopanga.

Ijumaa moja baada ya magharibi walikuwa kwenye maporomoko, kaka na dada. Kaka alikuwa anapanda mbio, na mdogo wake akafa mara tatu chini ya kioo, akatupa maneti na kulia. Tukaichukua ile maneti, tukakaa mahali pake, suruali nyekundu. Tukamwambia kaka apande jiwe moja, asimame. Ilichukua majaribio mengi, kidole gumba kikavimba, na ile sanamu kubwa ya juu yenye mikono miwili ya moto ilitumaliza roho zote isipokuwa moja. Tukapita. Kwenye theluji tulikufa sekunde ya nne kwa bomu la mkono.

Hangari bado hatujaipita bila ile namba. Kama kuna msomaji aliyeipita kwenye TV game ya zamani, bila kuhifadhi na bila roho 30, atuandikie, hasa kama wakati huo alikuwa Uvira.